Tupige hesabu kabla ya kuuza shamba



Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu juu ya jambo ambalo hapa kwetu Lemara huzuka kila matokeo ya mitihani yanapotoka. Nalo ni hili: Je, kumsomesha kijana stashahada ya ufundi wa mitambo ya viwandani kunalipa?

Kwanza tuelewane juu ya muda. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne huanza na ngazi ya 4, mwaka mmoja, akapata cheti cha awali. Kutoka hapo hadi stashahada, yaani ngazi ya 6, ni miaka 2 mingine. Hapo ndipo wengi hukwama, kwani kijana tayari anacho cheti mkononi na anaweza kutafuta kibarua. Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu, amefikia kutaka kuuza kipande cha shamba lake la migomba huko Meru ili kijana amalizie miaka hiyo 2.

Wengi wetu huhesabu ada peke yake. Hiyo ni nusu ya hesabu. Tuchukue mfano, na kila mzazi aweke tarakimu za chuo chake. Tuseme ada na michango ni Sh. 1,200,000 kwa mwaka, nauli na chakula cha mchana Sh. 600,000, na ovaroli, buti, vifaa vya kupimia na gharama za mafunzo ya vitendo kiwandani Sh. 200,000. Kwa miaka 2 ni Sh. 4,000,000. Lakini katika muda huo huo kijana angekuwa kibaruani. Tuseme angelipwa Sh. 200,000 kwa mwezi. Kwa miezi 24 amekosa Sh. 4,800,000. Basi gharama halisi ni Sh. 8,800,000.

Sasa mapato. Akihitimu na kuanza kwa Sh. 400,000, amemzidi mwenzake wa kibarua kwa Sh. 200,000 kila mwezi, na fedha ile itarudi baada ya miezi 44. Si vibaya hata kidogo kwa mtu mwenye miaka 35 ya kazi mbele yake. Akianza kwa Sh. 300,000, itarudi baada ya miezi 88, yaani zaidi ya miaka 7. Na akikaa nyumbani mwaka mzima akizungusha barua za maombi, ongezeni Sh. 2,400,000 nyingine. Kwa hiyo kinachoamua hesabu hii si ada hasa. Ni mambo mawili: atakaa muda gani bila kazi, na mwajiri atamwona ni fundi au ni kibarua mwenye cheti.

Zamani swali hili halikuwa zito. Chuo cha Ufundi Arusha kilipoanzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, mashirika ya umma yalikuwa yakiwangoja mafundi. Hapa Arusha tulikuwa na Kiltex na General Tyre. Kiltex haipo tena, na mitambo ya matairi ilisimama kabla ya mwaka 2010. Viwanda vilivyopo leo vinataka mtu anayesoma mchoro, anayekereza shafti kwa kipimo, na anayeweza kutafuta hitilafu ya umeme katika mtambo uliosimama saa nane za usiku. Fundi wa kuchomelea mageti pale Unga Limited, ambaye hakukanyaga chuo, anaweza kumshinda mhitimu wetu kwa mikono. Hatamshinda kwa mchoro na vipimo, ikiwa kweli mhitimu alivishika vitu hivyo chuoni badala ya kuvinakili ubaoni.

Kwa hiyo mzazi asiulize ada tu. Afike chuoni, aombe kuonyeshwa karakana, ahesabu mashine za kukereza zinazofanya kazi na wanafunzi wangapi wanagawana moja. Aulize pia mafunzo ya vitendo hufanyika wapi. Asiyeweza gharama hizi asione haya kuanzia VETA, ambako ada ya vyuo vya Serikali kwa miaka mingi imekuwa Sh. 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh. 120,000 kwa wa bweni. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo pia inakopesha stashahada, lakini katika fani zilizochaguliwa tu, hivyo mwongozo usomwe kwanza. Mkopo nao hurudishwa: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Katika Sh. 400,000 ni Sh. 60,000.

Jirani yangu nilimwambia auze ng'ombe kama ni lazima. Ng'ombe hununuliwa tena. Shamba la Meru, kwa jinsi watu tulivyosongamana, likitoka halirudi.

Mwisho, nawaomba NACTVET wavitake vyuo vyote, vya Serikali na vya binafsi, vibandike kila mwaka idadi ya waliohitimu katika kila fani, wangapi wamepata kazi ndani ya miezi 12, na wameanza kwa mshahara gani. Matokeo ya Kidato cha Nne hutangazwa shule kwa shule mbele ya taifa zima. Haya ya vyuo yanashindikana nini?

Mzazi,
Lemara, Arusha.