Wahitimu wa biashara, asasi zinawahitaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi vijana wanaosomea uhasibu na biashara wasiyape kisogo mashirika yasiyo ya kiserikali.

Fazle Hasan Abed wa Bangladesh alisomea uhasibu London, akafanya kazi ya fedha katika kampuni ya Shell, kisha mwaka 1972 akaanzisha BRAC, shirika ambalo limefika hadi hapa Tanzania. Miaka ya 1980 watumishi wake walipita nyumba kwa nyumba wakiwafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa ajili ya watoto wanaoharisha. Hawakulipwa kwa kuhesabu nyumba walizopita. Wakaguzi walirudi baadaye kuwahoji baadhi ya akina mama, na malipo yakategemea wangapi wanalikumbuka somo. Hesabu za namna hiyo huokoa maisha.

Asasi zetu nyingi zina moyo, lakini vitabu vya hesabu vinazishinda. Mfadhili akiondoka, mradi unakufa. Vyuo viwapeleke wanafunzi wa biashara huko kwa mafunzo ya vitendo, nazo asasi ziwapokee na kuwapa kazi ya maana.

Msomaji wako,
Morogoro