Umakini Wetu Unauzwa kwa Nani?



Katika kurasa kama hizi tumezoea kuandika juu ya dhuluma zionekanazo kwa macho: mpaka wa shamba uliosogezwa usiku, mjane aliyenyang'anywa ng'ombe, mizani ya pamba isiyosema kweli. Safari hii twapenda kuzungumzia wizi usioacha nyayo. Nao ni wizi wa umakini wa mtu, yaani uwezo wake wa kulitazama jambo moja, kulikalia na kulifikiri mpaka alielewe. Wapo watakaouliza jambo hilo lahusianaje na haki. Sisi twadai kwamba lahusiana nayo sana, hasa kwa watu wa vijiji kama vya Mwamanyili, wilayani Busega, ambako mtu hana karani wala wakili wa kumsomea na kumfikiria. Hutegemea macho yake, masikio yake na akili yake mwenyewe.

Tusieleweke vibaya. Hatumo katika kundi la wale wanaotaka simu zote zitupwe ziwani. Anayekumbuka jinsi fedha za mgonjwa zilivyokuwa zikifungwa katika bahasha na kukabidhiwa kwa kondakta wa basi, zikifika au zisifike, hawezi kudharau huduma iliyoanza nchini mwaka 2008 ya kutuma fedha kwa simu. Lakini yafaa tutofautishe. Ile simu ndogo ya kitochi hungoja mpaka upigiwe au uitumie. Simu janja haingoji. Hukuita wewe, hata pale ambapo hakuna mtu aliyekutafuta.

Kuita huko hakutokei kwa bahati. Kampuni zinazotupatia Facebook, TikTok na nyinginezo hazitutozi ada ya kuingia, nasi twadhani tumepewa bure. Mapato yao makubwa hutokana na matangazo, na mwenye kutangaza hulipa kwa sababu macho yetu yapo pale. Basi kinachouzwa ni muda wa macho yetu. Kadiri tunavyokaa, ndivyo wanavyopata. Mwaka 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao mtu huuteremsha kwa kidole na daima hukuta jambo jipya chini yake. Baadaye yeye mwenyewe alijuta hadharani. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni ya Facebook, alieleza waziwazi kwamba waanzilishi walijiuliza jinsi ya kuchukua sehemu kubwa iwezekanavyo ya muda na umakini wa watu, na kwamba walijua wanatumia udhaifu uliomo katika nafsi ya binadamu. Maneno hayo hayakutoka kwa mpinzani wala kwa mhubiri. Yametoka kwa mwenye duka.

Nini humpata mtu ambaye umakini wake unavutwa hivyo mchana kutwa? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walitoa utafiti mwaka 2017, uliohusisha watu karibu 800. Walipewa majaribio ya kufikiri, simu zao zikiwa zimezimwa sauti. Wale ambao simu zao zilikuwa katika chumba kingine walifanya vizuri kuliko wale ambao simu zilikuwa mezani mbele yao, ingawa hakuna aliyeigusa. Kweli ni kwamba watafiti wengine waliorudia majaribio ya namna hiyo hawakupata matokeo yaleyale kila mara, na haifai kuutumia utafiti mmoja kama rungu. Naye Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima kwa miaka mingi muda ambao watu hukaa kwenye jambo moja mbele ya kompyuta kabla ya kuhamia jingine. Mwaka 2004 ilikuwa wastani wa dakika mbili na nusu. Miaka ya karibuni ni sekunde 47 hivi. Sekunde 47 hazitoshi hata kusoma ukurasa mmoja wa mkataba.

Msomaji mwenye elimu atatujibu kwamba fikra za mwanadamu zimekuwa zikitangatanga tangu kale. Ni kweli. Evagrio wa Ponto, mmonaki aliyeishi katika jangwa la Misri katika karne ya 4, ameeleza habari za mtawa anayeona jua haliendi, ambaye kila mara hutazama dirishani kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Mtu huyo hakuwa na simu. Tofauti ni kwamba hakuna aliyepata faida kwa kutazama kwake dirishani. Leo dirisha limefanyiwa hesabu, likawekwa mfukoni, nasi twalinunulia vifurushi kila siku.

Turudi nyumbani. Funza wa vitumba hatangazi kuja kwake. Mkulima wa pamba hana budi kupita mstari kwa mstari, kufunua jani, kupasua kitumba, kuhesabu, kisha kuamua kama apulizie dawa au angoje. Kazi hiyo haichoshi mgongo, huchosha macho na subira, na ndiyo maana ni rahisi kuiacha. Kadhalika kijana achungaye ng'ombe: mifugo haingoji video iishe, nayo hatua ishirini tu huwatosha kuingia katika mahindi ya jirani. Kesi za namna hiyo ni kongwe kuliko simu, wala hatudai kwamba simu ndiyo iliyozizaa. Hata hivyo, malishoni mwenye jicho huweza kuzuia ugomvi kwa mluzi mmoja. Jicho likiwa kwingine, ugomvi hufika barazani ukiwa umeshaota mizizi.

Halafu kuna mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu mtandaoni bila leseni. Wengi waliokopa huko walibonyeza neno la kukubali bila kusoma masharti; wakaruhusu mkopeshaji aingie katika orodha ya majina yaliyomo simuni, na wengine wao walikuja kuaibishwa kwa jamaa na marafiki kwa ajili ya deni. Je, walikuwa wajinga? La hasha. Walikuwa na shida, na walikuwa wamefundishwa na chombo chenyewe kubonyeza upesi na kwenda mbele.

Lakini linalotusumbua zaidi ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeuweka mkutano huo juu ya halmashauri ya kijiji. Ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, nao hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo husomwa mapato na matumizi. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano huo. Ni wachache duniani walio na mamlaka ya namna hii mikononi mwao, wakiwa wameketi chini ya mti.

Sasa tujiulize hali ilivyo. Mtendaji anasoma: mchango wa darasa, kiasi kadhaa, mbao, kiasi kadhaa, usafiri, kiasi kadhaa. Mstari wa nyuma vichwa vimeinama. Mmoja anafuatilia matokeo ya mechi aliyoiwekea dau, mwingine anatazama ugomvi wa wasanii wa Dar es Salaam, wa tatu anajibu salamu katika kundi la WhatsApp. Masikio yao yasikia sauti, si hesabu. Mwisho yaulizwa: mwakubali? Nao waitikia kwa pamoja: ndiyo! Hakuna aliyewatisha. Hakuna askari aliyewazuia kuuliza kwa nini usafiri umepita bei ya mbao. Zamani mtawala aliyetaka watu wasiulize alilazimika kuwanyamazisha. Siku hizi yatosha angoje wainamishe vichwa. Na kibaya ni kwamba mkutano uliokubali bila kusikia umekubali kisheria, na muhtasari utaandikwa hivyo.

Wazee hupenda kuwatupia vijana lawama zote. Hatukubaliani nao. Tumewaona watu wa makamo na viongozi, wa dini wakiwemo, wakiteremsha kidole mbele ya mtu aliyekuja na shida yake. Na ni nani aliyeuacha uzime ule moto wa jioni, shikome, ambapo wakubwa wa Kisukuma waliwafunza vijana kusikiliza hadithi mpaka mwisho na kutegua kitendawili bila kukimbilia jibu? Kijana hakuuzima peke yake. Shule zetu humkataza mwanafunzi kuja na simu, nasi twaona ni sawa. Lakini akirudi nyumbani akute baba na mama wamezama kila mmoja katika yake, atajifunzia wapi kwamba mazungumzo yana thamani?

Kwa hiyo twapendekeza kwa wenyeviti wa vijiji mambo mawili yasiyogharimu kitu. Kwanza, hesabu za mapato na matumizi ziandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa siku saba kabla ya mkutano, ili wasomao wawasomee wasiosoma. Pili, ajenda ya hesabu na ile ya ardhi zinapofika, simu zote zizimwe, kuanzia ile ya mwenyekiti na ya mtendaji. Mwenye mgonjwa hospitalini na anayengoja habari abaki na yake ikiwa wazi, aketi pembeni ili aweze kuinuka bila kuwasumbua wenzake.