Kidonda kikitunga usaha nyumbani, nani anakihesabu?



Ndugu msomaji, mgonjwa wetu akitoka chumba cha upasuaji akiwa hai tunasema Alhamdulillah, na ndivyo ipasavyo. Lakini hatari haiishii mlangoni mwa chumba kile. Kidonda kinaweza kuingiwa na vijidudu hadi siku 30 baada ya upasuaji, na siku nyingi kati ya hizo mgonjwa yuko nyumbani.

Tuchukue mfano wa mama wa Mang'ola au Nainokanoka aliyejifungua kwa upasuaji Karatu mjini. Siku ya nne anaruhusiwa. Siku ya kumi kidonda kinatunga usaha. Nauli hana, hivyo anakwenda zahanati ya jirani, au anapakwa dawa za kienyeji. Katika daftari la hospitali mama huyu ametoka salama. Wakifika ishirini wa namna hiyo, hospitali itaendelea kuamini kuwa vifaa vyake vinatakaswa sawasawa. Kisichohesabiwa hakirekebishwi.

Kwamba kupima na kuhakiki kunaokoa watu, ushahidi upo hapa hapa nchini. Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilijaribu orodha ya mambo 19 katika hospitali za nchi 8, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Morogoro. Wahudumu husimama mara tatu na kusoma kwa sauti: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Huhakikisha jina lake, mahali pa kupasuliwa, dawa ya kuzuia maambukizi, na idadi ya vifaa na vitambaa. Matokeo ya hospitali zote 8, yaliyotolewa mwaka 2009, yalionyesha vifo vimeshuka kutoka 15 hadi 8 katika kila wagonjwa 1,000, na waliopata madhara kutoka 110 hadi 70.

Suala la jina si dogo. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mmoja alifariki baadaye. Sasa jiulize, katika wodi moja wanaweza kulazwa akina Fatuma Juma wangapi?

Kwa hiyo nesi akikuuliza jina mara ya tatu, usikasirike wala usimjibie mgonjwa anayeweza kusema. Taja majina matatu, kijiji na kiungo kinachopasuliwa. Sisi tumefundishwa kuandika deni na kuweka mashahidi, hata baina ya watu wanaoaminiana. Je, mwili wa mama yako una thamani ndogo kuliko deni?

Kabla ya kuondoka, hakikisha hospitali ina namba ya simu ya nyumbani, nawe uwe na ya wodi. Ukiona homa, usaha, wekundu unaotambaa, harufu mbaya au nyuzi kuachia, mrudishe mgonjwa mapema. Ukitibiwa kwingine, piga simu wodini uwaarifu. Tusiseme "ni kadari" kabla hatujatimiza wajibu wetu; kutawakali hufuata baada ya kufunga ngamia.

Kwa upande wa hospitali zetu, rai yangu ni kwamba kuweka alama za vema kwenye fomu hakutoshi. Orodha isomwe kwa sauti, na siku ya 30 kila aliyepasuliwa apigiwe simu. Pasipo mtandao, mhudumu wa afya wa kijiji amfikie. Nanyi mnaotuwakilisha katika bodi ya afya ya halmashauri na kamati za vituo, ulizeni kila kikao: waliopasuliwa ni wangapi, na wangapi vidonda vyao vimeharibika? Wakikosa jibu, hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Wabillahi tawfiq.