MAMBO YA KAZINI: Karani, Meza Yake na Wenzake

Asubuhi na mapema, njia panda ya Rodi Kopany huwa imekwisha kujaa watu. Wako wanaongojea gari la Homa Bay, wako wa Rongo, na wako wanaoelekea Ndhiwa na Karungu kandoni mwa ziwa. Kati yao makarani hutambulikana upesi: shati limepigwa pasi, na viatu vya ofisini vimetiwa mfukoni visije vikachafuka kwa tope. Mkulima apitaye na jembe lake huwatazama, akasema moyoni kwamba hao ndio waliopata kazi nyepesi, kazi ya kivulini. Hasemi uongo, maana kivuli kipo. Lakini yamo mambo katika chumba kile ambayo shambani hayapo, na mengine yaweza kumwua mtu polepole.

Katika mwaka 1967 madaktari wa Uingereza walianza kuwapima afya watumishi wa serikali katika ofisi za London, wanaume zaidi ya 17,000. Wakati ule ilidhaniwa sana kwamba bwana mkubwa ndiye afaye mapema kwa maradhi ya moyo, kwa kuwa ndiye abebaye mashaka ya ofisi nzima. Ikaonekana kinyume chake. Watu wa daraja la chini kabisa, yaani matarishi na mabawabu, walikufa kwa maradhi ya moyo kwa wingi kuliko wakubwa wao, na tofauti haikuwa ndogo. Uvutaji wa sigara ulihesabiwa, na damu kupanda ikahesabiwa. Yote hayo yakaeleza sehemu tu ya tofauti ile. Basi uchunguzi wa pili ukaanza mwaka 1985, wenye watu 10,308, na mara hii wanawake pia wakatiwa. Bwana Michael Marmot na wenzake wakaona kwamba mtu asiye na kauli juu ya kazi yake mwenyewe, aambiwaye afanye nini, lini na kwa namna gani, ndiye aliyeelekea zaidi kupatwa na ugonjwa wa moyo.

Habari hii yafaa isomwe mara mbili na kila aliye na watu chini yake. Karani wa meza ya mwisho hapati taabu kwa sababu ya kuandika. Kuandika alikupenda tangu shuleni. Taabu yake ni kupewa barua ishirini saa kumi jioni na kuambiwa ziondoke leo, hali zilikuwa zimelala juu ya meza ya mkubwa tangu Jumatatu. Taabu yake ni kulaumiwa mbele ya wageni kwa kosa la kawaida ambalo lingesahihishwa kwa neno moja la faragha. Mtu wa namna hii arudipo nyumbani hana uchovu wa mikono, lakini halali, na mkewe hajui amekosa nini.

Jambo la pili ni umoja. Katika nchi ya Wajaluo watu hawana haja ya kufundishwa maana ya kufanya kazi pamoja. Iko saga, ambapo mwenye shamba hualika majirani na kuwaandalia chakula. Iko na rika, ambapo watu wachache huenda zamu kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Katika shamba kila mtu huona mstari wa mwenzake. Aliyebaki nyuma huonekana, na kama ni mgonjwa husaidiwa, na kama ni mvivu huchekwa mpaka akaze mkono. Ofisini mstari hauonekani. Kila mmoja ameinamia kompyuta yake au majalada yake, na aweza kukaa mwaka mzima hatua tatu kutoka kwa mwenziwe asijue ana kazi kiasi gani.

Mtu aweza kumfikiria mkulima wa upande wa Ndhiwa ambaye amelipa nauli hadi mjini kuulizia karatasi ya shamba lake. Karani wa kwanza anasema jalada limekwenda kwa wa pili. Wa pili, ambaye hasemezani na wa kwanza tangu ugomvi wa mambo ya likizo, anasema hajaliona, na hasimami kulitafuta. Mkulima anaambiwa arudi juma lijalo. Ugomvi ni wa watu wawili, lakini nauli ya safari ya pili inatoka katika debe la mahindi la mtu wa tatu, ambaye hata majina yao hayajui.

Lakini umoja nao una sumu yake. Huko Marekani, karibu na Chicago, kilikuwako kiwanda cha vyombo vya simu kilichoitwa Hawthorne. Kuanzia mwaka 1927 wasichana wachache walitengwa katika chumba chao, wakapewa vipindi vya kupumzika na kupunguziwa saa za kazi, na kazi yao ikaongezeka. Wataalamu wamebishana miaka mingi juu ya sababu yake. Kisa kisichosimuliwa sana ni cha chumba kingine, mwaka 1931 hadi 1932, chenye wanaume 14. Hao walikuwa na umoja wa kweli kweli: walipatana wao kwa wao ni kazi kiasi gani itoshayo kwa siku, na aliyezidisha alipigwa ngumi ya mkono na wenzake mpaka apunguze mwendo. Nani hajaiona ofisi ya jinsi hiyo? Karani mgeni anakuja na bidii yake, na kabla mwezi haujaisha amekwisha fundishwa kwamba hapa barua tano zatosha.

Kwa muda mrefu ilionekana kwamba hakuna kuchagua: kazi ya ofisi hufanyiwa ofisini. Kisha tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akazihimiza ofisi za serikali na za watu binafsi ziwaache watumishi wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wenye huduma za lazima. Katika miji mikubwa shauri hilo liliwezekana kwa wengi. Mahali kama Rodi Kopany lilikuwa gumu. Jalada la karatasi haliendi nyumbani, na kabati lina kufuli. Mvua ikinyesha juu ya bati, sauti ya simu haisikiki. Tena iko shida ambayo watu wa mjini hawaijui: mwanamume aonekanaye nyumbani saa nne ya asubuhi huhesabiwa kuwa hana kazi. Ataitwa kusaidia kumkamata ng'ombe aliyekata kamba, ataitwa kusuluhisha shauri la mpaka, na akikataa kwa kuwa yuko kazini, wazee watamtazama kwa huruma.

Hata hivyo si haki kusema kwamba kazi ya nyumbani haina faida. Kampuni moja ya China inayouza tikiti za safari ilifanya jaribio katika miaka ya 2010 na 2011. Watumishi 249 waliojitolea waligawanywa kwa siku ya kuzaliwa: wenye tarehe shufwa wakafanya kazi nyumbani siku nne kwa juma, wengine wakabaki ofisini. Baada ya miezi tisa, kazi ya wale wa nyumbani ilikuwa imezidi kwa asilimia 13. Lakini walipopewa hiari, karibu nusu yao walichagua kurudi, na kilichowarudisha hasa kilikuwa upweke. Baadaye kampuni hiyo hiyo ikawajaribu watu 1,612 kwa njia ya katikati, siku mbili nyumbani na tatu ofisini. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalionyesha kwamba kazi haikupungua, na waliojiuzulu walipungua kwa thuluthi moja.

Njia hiyo ya katikati yafaa kufikiriwa na wakubwa wa ofisi zetu kwa kazi isiyohitaji jalada wala mgeni wa dirishani, mathalani kuandika taarifa ya robo mwaka. Mama mwenye mtoto mchanga, ambaye Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa miezi mitatu ya likizo ya uzazi, angerudi kazini kwa moyo mwepesi kama siku moja katika juma ingekuwa ya nyumbani. Lakini kijana aliyeajiriwa jana asiachwe peke yake. Kazi ya ofisi haimo yote katika kitabu cha kanuni. Huokotwa kwa kusikiliza karani mzee akimjibu mgeni mkali, na hayo hayaokotwi kwa simu.

Sheria nayo haikunyamaza juu ya chumba chenyewe: Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2007 pia, inataka kila mtu apate nafasi ya mita za ujazo 10. Karani mkuu aliye na kamba ya kupimia aweza kujua leo hii kama watu wake wamesongamana.

Yaliyobaki hayahitaji fedha. Barua za siku zigawanywe asubuhi mbele ya wote, kila mmoja aone mzigo wa mwenzake kama aonavyo mstari wake shambani, na aachiwe kuamua mwenyewe aanze na ipi. Aliyekosa aitwe kando. Na chai ya saa nne inywewe katika chumba kimoja, si mkubwa kwake na wadogo barazani. Mesenja naye apewe kikombe chake na kiti, maana mara nyingi ndiye peke yake ajuaye lilipo jalada la yule mkulima wa Ndhiwa.