Baba akikubali kuacha pombe, familia ianzie wapi?

Siku ambayo familia imeisubiri kwa miaka huja bila taarifa. Chukulia nyumba moja pale Bunda mjini. Baba anaamka asubuhi, mikono inatetemeka, anakaa kitandani na kusema, "Mama watoto, hii pombe imenishinda. Nataka kuiacha."

Mama hajui ajibu nini. Amezoea kuficha ada ya shule na kumfuata kilabuni usiku. Kwa siku ya kukubali hakujiandaa.

Familia nyingi hapo hufanya moja kati ya mambo mawili: kumfungia ndani asitoke, au kuita kikao cha ukoo ili aape mbele ya wazee. Nia ni njema. Lakini la kwanza linaweza kuua, na la pili humwacha na aibu akiteleza.

Hospitali kwanza

Mwili wa mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu huwa umeizoea pombe. Akiikatisha ghafla, ndani ya saa 6 hadi 24 anaweza kuanza kutetemeka, kutokwa jasho na kutapika. Degedege inaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huchanganyikiwa, hupata homa na kuona vitu visivyokuwapo. Jirani atasema amerogwa. Hiyo ni dharura, na inatibika hospitalini.

Kwa hiyo aende hospitali ya wilaya, au ya rufaa ya mkoa Musoma, na daktari aelezwe ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Kama ni gongo, iseme ni gongo. Anayeuliza ni daktari, si polisi.

Kisha wenzake

Dawa humvusha siku za mwanzo. Hazimwambii afanye nini Jumamosi jioni, marafiki zake wakitoka mwaloni Mwigobero na hela ya samaki mfukoni. Hapo ndipo anapohitaji watu wanaopita njia ileile.

Kundi linalojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, au AA. Lilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Dalali wa hisa Bill Wilson na daktari wa upasuaji Bob Smith, wote wawili wakiwa wameshindwa na pombe, waligundua kwamba kuzungumza na mwenzake kulimsaidia kila mmoja asinywe. Sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Hakuna kiingilio, na ya kikaoni hubaki kikaoni.

Mwaka 2020, mapitio ya Cochrane ya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000 yalionyesha kwamba AA, pamoja na tiba zinazomwandaa mtu kujiunga nayo, huwasaidia watu kubaki bila kunywa sawa na tiba nyingine za ushauri, na mara nyingi kuzizidi.

Familia ya Butiama itauliza: kikao kama hicho kiko wapi? Mwenye simu na bando anaweza kupata vikao vya AA vya mtandaoni. Lakini kwa utaratibu wa AA wenyewe, watu wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe tayari ni kundi. Mzazi amuulize mhudumu wa afya ya akili hospitalini kama yupo aliyekwisha kuacha na yuko tayari kuunganishwa na mwenzake. Awaombe viongozi wa dini chumba, iwe kwa Wasabato, Wamennonite, Wakatoliki au msikitini. Chumba kikipatikana, kikao kisigeuke mahubiri. Kila mtu aeleze yake, na mgeni asilazimishwe kusema.

Siku iwe moja isiyobadilika, na isiwe ya mnada. Saa nzuri ni ileile aliyozoea kwenda kilabuni.

Mama naye ana kikao chake

Mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa Bill, alishiriki kuanzisha Al-Anon kwa ajili ya familia za wanywaji. Alikuwa ameona kwamba hata mume akiacha, hasira na hofu za mke hazitoki siku hiyo hiyo. Wanawake wawili wanaoaminiana wanaweza kuanza hivyo hivyo, wakiongea bila kupangiana namna ya kuwabana waume zao.

Baba akirudi kikaoni, asihojiwe alisema nini. "Karibu baba, chakula kipo," inatosha. Akiteleza, asifukuzwe wala asifunikwe kwa uongo kazini. Arudi kikao kinachofuata. Kama amekunywa mfululizo kwa siku nyingi, aanze tena na hospitali.

Watoto nao waambiwe kwa lugha nyepesi kwamba baba alikuwa anaumwa, anatibiwa, na wao si chanzo. Ahadi walishazisikia nyingi. Kitakachowatuliza ni kuona kwamba kila Alhamisi baba huenda kwenye kikao, na kabla hawajalala anakuwa amerudi.