Kesi ya talaka: Uweke wakili au usimame mwenyewe?

Chukua mfano wa mama lishe aliyeishi na mumewe miaka 12. Ndoa imevunjika, hati ya nyumba waliyojenga ina jina la mume, na fedha pekee aliyonayo ni ada ya watoto. Kaka yake anamwambia aweke wakili. Jirani anamwambia hiyo ni kupoteza fedha. Amsikilize nani?

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Kesi ya talaka inaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako taratibu ni nyepesi na lugha ni Kiswahili. Kwa kawaida, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kwenda nayo mahakamani. Hatua hizo mtu anaweza kuzifuata mwenyewe.

Ugumu huanza kwenye mali. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo, hakimu hawezi kupima mchango ambao hakuelezwa. Anayefika na machozi tu, bila shahidi wala risiti ya saruji, anaweza kutoka mikono mitupu. Akikata rufaa, ni nadra kuruhusiwa kuleta ushahidi mpya. Ni sawa na mgonjwa anayemficha daktari dalili, kisha akailaumu dawa.

Kwa hiyo, kama hamna ubishi wa mali wala watoto, unaweza kusimama mwenyewe. Kama nyumba inagombewa, au mwenzako ameweka wakili, tafuta wakili mapema, kabla hujatoa ushahidi. Kubalianeni ada kwa maandishi na udai risiti kila unapolipa.

Asiye na uwezo naye ana pa kwenda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure. Wasaidizi wa kisheria hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani, lakini watakusaidia kujiandaa na kukuelekeza kwa wakili.

Mama lishe yule aanzie huko, akiwa na risiti zake na majina ya mashahidi, kabla hajaigusa ada ya watoto.