Mbalanga Katika Kovu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, mwezi huu twapenda kusema na wazazi, na walimu wenzetu pia, juu ya jambo lililotokea katika chuo chetu.

Mtoto mmoja wa miaka 10, mwenye madoa mawili madogo ya mbalanga vidoleni, alianguka mwembeni akavunjika mkono. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa, mfupa ukaungwa. Jeraha lilipona vyema. Baada ya majuma matatu kovu lile likaanza kuwa jeupe kama maziwa, toka mwanzo wake hata mwisho. Baba yake alighadhibika, akasema daktari amemharibia mwanawe, wala hatarudi tena hospitali. Majirani wakanong'ona kuwa ni ukoma. Nasi, mwalimu wake, twakiri mbele yenu: tuliposikia neno hilo tulimtandikia mtoto jamvi lake peke yake.

Tulikosa. Mbalanga si ukoma, wala haiambukizi kwa kula pamoja, kwa kupeana mkono wala kwa kuvaliana nguo. Ni kwamba kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, huzishambulia chembe zinazoipa ngozi rangi. Doa la mbalanga huhisi kama ngozi nyingine. Doa la ukoma aghalabu hufa ganzi. Na ukoma wenyewe siku hizi hupona kwa vidonge.

Basi kwa nini kovu liligeuka? Mwaka 1872, katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, tabibu Heinrich Köbner aliwaeleza wenziwe habari za mgonjwa wa soriasisi, maradhi ya ngozi yenye magamba. Kila mtu huyo alipoumia, kwa mkwaruzo, kwa kuumwa na farasi, hata alipochanjwa michoro, maradhi yaliota pale pale. Mbalanga nayo ina tabia hiyo, ingawa si kwa kila mgonjwa. Kisu cha mpasuaji, moto, mwanga mkali wa leza, hata mshipi unaosugua kiunoni, vyaweza kuiamsha. Na mara nyingi hudhihiri baina ya siku 10 na 20 baada ya kuumia.

Kwa hivyo daktari hakukosa. Mkono ule ulipaswa kuungwa, na kovu jeupe ni jepesi kuliko mkono uliopooza. Lakini wazazi wana wajibu wao. Mtoto wenu akiwa na mbalanga au soriasisi, mwambieni daktari kabla ya kupasuliwa au kutibiwa kwa leza. Doa jipya likitokea, mrudisheni upesi, kwani matibabu ya mapema hufaa zaidi. Msimchanje chale, msimchome, wala msimsugue kwa dodoki gumu mkidhani mnaondoa weupe: kila jeraha laweza kuzaa doa jingine. Mwepusheni na jua kali lisimbabue. Nanyi walimu wenzetu, iwekeni mbali bakora. Tumezoea kusema kuwa alama yake hupita. Kwa mtoto wa namna hii yaweza isipite.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha watu watatu wa Bani Israili, mmoja wao mwenye mbalanga. Malaika alipomwuliza apendalo, aliomba rangi nzuri na ngozi nzuri, kwa kuwa watu walimwona kinyaa. Tumekisomesha kisa hiki miaka mingi, na hatukuangalia kwamba mtu yule hakulalamika maumivu. Kilichomwuma ni macho ya watu. Na katika chuo chetu macho hayo yalikuwa yetu.

Siku ya pili yake tulilikunja lile jamvi, tukamketisha mtoto karibu nasi, tukawaeleza wenziwe haya tuliyowaeleza ninyi. Baba yake tulimwendea baada ya sala ya Ijumaa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kliniki ya ngozi hufunguliwa siku gani.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa ujinga, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.